Njiwa Wangu Hawakai Kwenye Windows Mpya

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kompyuta yangu imekufa. Ilitoa moshi kidogo, ikanyamaza. Miaka kumi na miwili nimechapisha vijitabu vya mazishi hapa Kianda, Kibera, kwa mashine hiyo moja, na leo hakuna hata mmoja wa kuifanyia matanga.

Kilichobaki ni diski ya nje yenye mchoro wa njiwa wangu. Njiwa wawili, weupe, wameshika utepe juu ya picha ya marehemu. Nusu ya marehemu wa Kibera wamepita chini ya utepe huo. Tatizo ni moja: programu ya kuwafungua njiwa hukubali Windows 7 tu. Mshindani wangu Urbanus, wa mtaa wa Kongo kule Kawangware, anachora vijitabu vyake kwa simu. Kwa simu! Na watu wanatoka huku kwenda kwake.

Saa tano akaja Aluoch, jirani yangu wa plot. Mama yake alifariki wiki jana. Mwili unaondoka Ijumaa asubuhi kwenda Siaya, mazishi ni Jumamosi, anataka vijitabu mia mbili. Alikuja na laptop mpya aliyonunuliwa na kaka yake. Picha zote za mama zimo humo na si kwingine, maana simu yake iliibwa mwezi jana. Alinionyesha moja. Mama amesimama mlangoni, leso begani, anacheka.

Nikaitazama laptop. Nyembamba, inang'aa. Wazo likanijia. Nikamwomba aniachie niiongezee kasi. Akasema haina shida ya kasi. Nikamwambia kila mgonjwa husema hivyo kabla ya kupimwa.

Picha ningezinakili, lakini flashi ninayo moja na imejaa Windows 7 ya kuingiza humo, na diski ya njiwa siichanganyi na kitu kingine. Nitazinakili kesho.

Jumanne, 10 Juni

Siku mbaya. Asubuhi nzima laptop ilikataa hata kuisoma flashi. Nikazima ulinzi wake wote, mmoja baada ya mwingine, na saa sita Windows 7 ikaja. Furaha! Ikaniuliza nachagua lugha gani. Mausi haisogei. Nikachomeka nyingine. Nikaazima ya kompyuta mbovu ya Mutheu, anayeuza airtime kibanda cha pili. Hiyo nayo haikusogea. Windows 7 ni mzee. Matundu ya USB ya kisasa hayajui kabisa. Nilikaa mbele ya orodha ya lugha saa nzima bila uwezo wa kuchagua hata moja.

Ikanibidi niende Kawangware kwa Urbanus. Nilijifanya naulizia rafiki. Hakudanganyika. Alinipa mafaili ya kuifundisha Windows 7 matundu hayo, kisha akasema, bila hata kuinua macho kwenye simu yake:

"Budaa, toa picha za watu kwanza. Halafu achana na hiyo saba, ni ya kitambo."

Mtu wa kuchora kwa kidole anifundishe kazi! Nilirudi kwa miguu nikiwa na hasira. Sikunakili kitu. Ningenakili, ingekuwa ni kama nimemtii.

Jumatano, 11 Juni

Mausi inasogea! Lakini sasa Windows 7 inasema diski ya ndani ya laptop imepangwa kwa mtindo mpya, haiwezi kuingia. Mtandaoni wanasema dawa ni amri moja fupi ya kusafisha diski. Nikaandika. Nani anaogopa usafi?

Saa nane na dakika kumi ikajibu kwamba imefanikiwa. Hapo ndipo nikamkumbuka mama wa Aluoch pale mlangoni.

Maji yakimwagika hayazoleki, ila nilijaribu kuzoa mpaka jioni. Sikupata kitu. Windows 7 imeingia vizuri. Njiwa wamefunguka, weupe, wameshika utepe. Chini yao hakuna mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Sikula. Nikawaza kitambulisho cha marehemu, lakini kilirudishwa serikalini walipochukua kibali cha mazishi. Kisha nikakumbuka: fotokopi yake niliitoa mimi! Nikachakura boksi la karatasi mbovu. Ipo. Mashine yangu ya fotokopi siku hiyo ilikuwa inamwaga wino. Uso ni mweusi kama sufuria ya makaa, yanaonekana macho na kola tu.

Nimeiweka chini ya njiwa. Nimechapisha mia mbili. Ukiitazama kwa mbali ina heshima.

Ijumaa, 13 Juni

Aluoch alikuja gari la mwili likiwa limeshawashwa. Akashika kijitabu. Akakigeuza kwenye mwanga. Nilimweleza habari za matundu, za diski, za mitindo. Aliningoja nimalize.

"Osewe, mama alikuwa anacheka," akasema.

Basi. Hakunitukana. Akabeba boksi lake akapanda gari. Afadhali angenitukana. Nina aibu, naandika hapa kwa sababu hapa hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 16 Juni

Aluoch amerudi. Alikuja kuchukua laptop, akanisalimia kwa sauti ya chini. Niliuliza mazishi yalikuwaje. Akasema watu walikuwa wengi, na wajukuu waliozaliwa huku Nairobi waliuliza yule kwenye karatasi ni nani. Nikampa laptop yake.

Nimefunga kibanda mapema nikafikiri kwa makini. Kosa nimeliona. Windows 7 nayo ilikuwa mpya mno! Ningeanza na ile ya zamani zaidi, XP, haya yote yasingetokea.

Na Mungu si Athumani: Mutheu amenunua laptop. Ina kasi, anasema. Nimemwambia aniachie niipime. Picha za harusi yake zote zimo humo, pamoja na za marehemu baba yake.

Nitazinakili kesho.