Dume la Bosi Kwenye Barua Pepe Yangu

Leo nimeadhirika. Na aliyeniadhirisha ni ng'ombe, tena akiwa ndani ya kompyuta.

Mnajua nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo hapa Isaka. Tangu asubuhi barua pepe zimegoma. Haiingii hata moja, haitoki hata moja. Kwenye simu nako inaandika "inasawazisha", inazunguka weee, haifiki. Lori limeshapakia, dereva amekaa kwenye benchi anasubiri nitume nyaraka za mzigo ili aruhusiwe kuondoka. Bosi wetu, Baba Kulwa, anapita nyuma ya kiti changu akiguna.

Nikalaumu mtandao. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikafuta akaunti, nikaiweka upya. Mwisho nikamsingizia Mama Shija wa uhasibu kwamba anamaliza bando la ofisi kwa kuangalia mahubiri. (Mama wa watu alikuwa anakunywa uji wake.)

Bosi akampigia Neema, fundi wetu wa kompyuta aliyeko Mwanza, akaweka sauti kubwa. Neema akaingia kwenye kompyuta yangu kutoka hukohuko. Mshale ukaanza kutembea wenyewe.

"Kaka, mtandao hauna shida," akasema. "Kuna barua yako ya jana jioni imekwama kwenye foleni ya seva yetu. Ina picha kubwa mno. Zilizo nyuma yake zote zinaisubiri hiyo."

Nikaijua hiyo barua. Hapo lazima niwaeleze.

Jumamosi tunakwenda kupanga mahari ya mchumba wangu, Pendo. Baba yake mdogo, mwalimu mstaafu, amesema hakai kikao mpaka aone ng'ombe. Tena kwa barua pepe, maana picha za kutumiana kwenye simu eti zinakondesha ng'ombe. Sasa wa kwangu wako kwa kaka, na kiangazi hiki kimewakondesha bila msaada wa simu yoyote. Wiki iliyopita bosi alinituma kijijini Didia kusimamia chanjo ya ng'ombe wake. Wanene, wanang'aa. Nikawapiga picha. (Shetani ndiye aliyeshika simu, mimi nilibonyeza tu.)

"Ifute tu, dada," nikasema haraka.

"Ngoja," bosi akasema. "Ifungue tuone ni kitu gani kimetukwamisha."

Neema akaifungua, akaisoma kwa sauti: "Shikamoo baba. Hawa ni baadhi tu ya ng'ombe wangu. Wengine walikuwa malishoni."

Picha zikaanza kufunguka moja moja. Bosi akavaa miwani. Sisi Wasukuma tunaweza kusahau jina la shemeji, lakini ng'ombe wetu hatumsahau.

"Huyu si Diwani?" akauliza taratibu.

Diwani ni dume lake la kujivunia, lenye baka jeupe usoni. Dereva akainuka kwenye benchi kuja kutazama. Mama Shija akaweka kikombe cha uji chini.

"Ni mfano tu, bosi," nikasema. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi.

Neema, masikini, hajui lolote, akadakia: "Usijali kaka, nimepunguza ukubwa wa picha. Imeshaenda, na nyaraka za mzigo zimefuata."

Dereva akapata ruhusa yake, lakini hakuondoka. (Alisema anangoja mwisho.) Haikupita muda kompyuta ikalia. Mzee ambaye salamu tu huijibu baada ya siku mbili, leo kajibu papo hapo: "Tumeridhika, mwanangu. Karibuni Jumamosi. Huyo dume mwenye baka aje wa kwanza."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mama Shija alicheka mpaka akashika ukuta, na najua alikuwa analipiza yale ya mahubiri.

Baba Kulwa peke yake hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mjibu mkweo," akasema. "Mwambie Diwani hatoki. Lakini mwenye Diwani atakuja Jumamosi, atakaa upande wako."

Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Mpaka sasa sijui anakuja kunitetea au kunishtaki.

Basi msinicheke. Mwenye dume lenye baka jeupe usoni, la kuuza au hata la kuazima, anitafute kabla ya Jumamosi. Picha asitume.