Mfalme Aliyejifungia Hemani

Jumatatu, 3 Juni
Mhariri kasema mwaka huu ana nafasi ya riwaya moja tu ya kihistoria. Tunaoigombea ni wawili: mimi, na shemeji, dada wa mke wangu, mwalimu wa historia. Sura tatu mezani kwake Ijumaa. Miaka kumi na moja naandika, sijachapishwa hata ukurasa. Shemeji anipiku? Thubutu!

Nimeanza na malkia. Shingo ndefu, kiuno chembamba, machozi tele. Yuko dirishani. Kurasa sita, bado yuko dirishani. Kazi safi.

Jumanne, 4 Juni
Maktaba. Kuna kitabu cha tarihi ya ufalme wa kale ninaouandikia, nakala moja tu. Nikanakili mbiombio, maana shemeji huja saa kumi. Kisha nikaichomeka kwenye rafu ya ufugaji wa kuku. Mkutubi akataka kujua natafuta nini kwenye kuku. Nikamwambia mayai. Hakucheka.

Jumatano, 5 Juni
Mtawala wa tarihi ni moto! Alipanda farasi, akawatimua maadui mtoni. Usiku wa tatu wa vita “akajifungia hemani, alfajiri akarudi vitani, mtoto mgongoni.” Kumbe mfalme alikuwa mtu wa mawazo. Nikampa ndevu, hasira, na sura nzima peke yake hemani. Malkia hatajwi popote. Makarani wa zamani walikuwa wazembe kweli. Nikamtunga mwenyewe.

Mke wangu ni mkunga. Karudi kazini, kasoma daftari langu akiwa amesimama, viatu mguuni. Akauliza huyo mtoto katoka wapi. Nikasema ni yatima wa askari, mfalme alikuwa na huruma. Akasema miaka ishirini yuko wodi ya wazazi, na mtu akiingia mmoja akatoka wawili, shughuli hiyo ina jina lake. Nikamwambia ukunga ni ukunga na fasihi ni fasihi. Akaenda kuoga.

Alhamisi, 6 Juni
Neno lake limenikera. Nikarudi kwenye rafu ya kuku. Tarihi haipo! Iko mezani, shemeji kaiinamia. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nimevaa ndala. Nikauchungulia ule mstari.

Akajifungua.

Lo! Mimi nimenakili “akajifungia.” Herufi moja, na mfalme wangu mwenye ndevu kazaa! Tarihi nzima ni alipanda, alipiga, aliamuru. Hakuna mahali inaposema mwanamume. Ndevu nilimpachika mimi. Shemeji akauliza mbona jasho linanitoka. Nikasema njaa. Akanipa nusu ya mkate wake, na nikala. Aibu tupu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimenyoa ndevu kurasa arobaini. Kiuno chembamba nimekihamishia juu ya farasi. Nikapeleka.

Mhariri akasoma mbele yangu. Akauliza: ikiwa malkia yuko vitani, huyu wa dirishani ni nani? Nikasema ni yuleyule. Akauliza vipi. Nikasema mwili uko vitani, moyo uko dirishani. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Akasema malkia wangu ana nywele, ana macho, ana marashi, ila hafanyi kitu. Nafasi kapewa shemeji. Kwake mtawala anaanza kwa kuuliza askari wangapi wamevuka mto. Basi! Hata rangi ya vazi haimo.

Niliketi kwenye ngazi za ofisi. Miaka kumi na moja. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 9 Juni
Shemeji kaja kula, katusomea sura yake ya kwanza. Ni nzuri. Nilisahau kutafuna. Sikumwambia.

Katikati ya chakula mke wangu kaitwa zahanati. Karudi jioni, kazalisha wawili, mmoja alitanguliza miguu. Kakuta sinki la jikoni limeziba, siku ya nne leo. Kavua saa, kachukua spana, kaingia chini ya sinki.

Mimi sijakata tamaa. Nimeanza riwaya mpya: mwanamke jasiri, mwenye vitendo, kama mhariri anavyotaka. Tatizo ni mfano wa kumtazama. Nimefikiri mchana kutwa, simwoni. Nimemwomba mke wangu asigonge bomba kwa nguvu. Kwa kelele hizi sitampata.