Vijiti Vyangu Vilivyozua Rashi ya Dhahabu

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Naandika nikiwa na malengelenge mikononi, mnivumilie.

Mnajua nipo huku Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa utafiti wa chuo. Kuna mmea mmoja wa porini: bondeni penye maji unatoa maua meupe, huku juu kwenye changarawe na jua kali maua yaleyale yanakuwa ya zambarau iliyokolea. Mimi nachunguza kwa nini. Leo mwalimu wangu alikuwa anakuja kukagua eneo langu. Akilikataa, mwaka huu sihitimu.

Jana nikajiandaa kisomi. Nikapiga magoti kwenye kila mmea wa zambarau. Nikachuma ua, nikalipima kwa mzani mdogo, nikalifunga kwenye kimfuko, nikaandika daftarini, nikachomeka kijiti chenye utepe mwekundu. Vijiti arobaini na kimoja! Wachimbaji wawili wakapita, wakaniuliza natafuta nini.

"Kwa sasa siwezi kusema," nikawajibu. (Nilitaka kuonekana mtafiti. Ujinga wangu huo.)

Leo saa tatu asubuhi nafika na mwalimu. Mungu wangu! Watu wamejaa kama siku ya mnada. Sururu, makarai, matoroli, na mama wa uji keshafungua biashara. Habari zimeenea kuwa kuna rashi, yaani dhahabu mpya imeonekana na kila mtu anaikimbilia! Kila penye kijiti changu pana shimo. Ua hata moja halipo.

"Nani kawaambia hapa kuna dhahabu?" nikapiga kelele.

Mzee mmoja akachomoza shimoni, vumbi mpaka kwenye kope. "Si wewe, ngosha? Unapiga magoti, unapima, unafunga kwenye mfuko, ukiulizwa unaficha. Kama si dhahabu ni nini?"

"Ni maua!"

Sururu zote zikasimama.

Nikajieleza kwa kirefu, nikitokwa jasho: nataka kujua kwa nini huku juu ua linakolea rangi. Yule mama wa uji, wanamwita Mama Kulwa, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Mwanangu, chuo umesoma miaka mingapi?"

"Huu wa nne, mama. Shikamoo." (Salamu ndiyo naikumbuka saa hiyo!)

"Marahaba. Sasa hilo nalo la kuuliza? Huku jua linachoma, maji hakuna, ua linajikinga. Wewe mwenyewe ulikuja hapa mweupe. Jiangalie."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikamgeukia mwalimu wangu anitetee. Alikuwa ameinamia daftari, anaandika.

"Mama," akasema, "hebu rudia hapo kwenye kujikinga, taratibu."

Hukumu ya mwalimu ikatoka palepale: nimepewa wiki mbili nitafute eneo jingine, Mama Kulwa akinielekeza. Ila kwanza nifukie mashimo yote. Wachimbaji wakanikabidhi koleo kwa heshima zote.

Nimefika shimo la kumi na tisa. Msicheke. Anayecheka aje na koleo lake.