Mwanya wa Mama Kavira

Jamani, leo nimeaibika mpaka nimefunga studio mchana kweupe.

Mnaijua studio yangu ya mtaani Mangobo: chumba kimoja, trei za mayai ukutani, na kompyuta inayopata homa kila jua likiwaka. Asubuhi kaingia Mama Kavira, muuza sabuni na maharage, mwimbaji wa kwaya ya parokia. Mumewe, Papa Kambale, amekwama Butembo tangu vita vifunge barabara. Leo ni kumbukumbu ya siku yao ya ndoa, na Mama alitaka kumtumia wimbo.

"Ingénieur wa sauti, fanya muzuri. Kule banakimbia-kimbia vita kila siku. Nataka asikie tu niko muzima."

Akaimba. Sauti tamu! Ila kila "s" ilitoka na filimbi ya kutoboa sikio. (Mama ana mwanya wa meno ya mbele, ule wa kusifiwa. Mimi mtaalamu sikuunganisha mambo.)

Sasa, nina programu mpya ya kurekebisha sauti, niliyojifunza kwa video. Inakutengea kila "s" na kila "sh" kama kipande cha peke yake. Unakishika, unakishusha, ukali unapungua. Mwalimu wa video alisisitiza: shusha kidogo. Kidogo? Mimi? Nikavishika vyote kwa mpigo nikavishusha mpaka chini kabisa! Nikasikiliza, nikaona safi. (Nilikuwa nimeurudia wimbo mno, sikio likawa linajijazia lenyewe.)

"Nisikie kwanza," Mama akasema.

"Mama, réseau ya simu iko, tutume sasa, itakatika!"

Nikatuma. Halafu, kwa kiburi changu, nikafungua spika kubwa ili wanakwaya waliomsindikiza wafaidi.

"A-ante Ye-u, mimi niko -alama..."

Kila "s" imetoweka! Mwanakwaya mmoja akamgeukia Mama Kavira.

"Yaya, dada yangu, meno ilianguka lini?"

Mama Kavira akaingiza kidole mdomoni kuhakikisha. Mimi nikainama kukagua waya usio na tatizo lolote. Hapo simu ya Mama ikalia: Papa Kambale. Akaifungulia spika.

"Allô! Ule anaimba ni nani?"

"Papa, ni mimi."

"Mimi nani? Balikupiga? Balikuvunja meno? Uniambie kweli!"

Moyo uliniuma, nisiwafiche. Mtu yuko vitani, na mimi ndiye niliyemtisha siku ya ndoa yake.

"Hapana, Papa!" Mama akapaza sauti. "Hakuna soldat, hakuna askari, hakuna shida! Niko salama, salama sana!"

Filimbi mfululizo! Upande wa pili kikalipuka kicheko kikubwa.

"Aaah! Ule ni mwanya yangu! Ni bibi yangu kabisa!"

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. Na mimi nikafuta macho, nikadhani yameisha. Wapi!

"Bon. Munipe ule ingénieur."

"Bonjour, Papa..."

"Mutoto, ule mwanya nilitolea mbuzi kwa bakwe zangu. Weye uliuziba na ruhusa ya nani?"

Jamani! Wanakwaya walilaliana kwa kicheko. Hata mama wa mikate, yale maandazi yetu, aliyekuwa akikaanga nje aliacha mafuta yaungue aje kunitazama. Nikasema "pardon, Papa" na kumrudishia Mama simu yake kwa mikono miwili.

Nimetuma upya wimbo ulivyo, na filimbi zake zote. Papa Kambale amejibu kwamba ameupiga mpaka majirani wameushika.

Haya, chekeni. Ila anayecheka asije kurekodi kwangu: mimi nang'oa meno bila kumgusa mtu.