Mwaka Niliokuwa Bandarini Mombasa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Suti. Viatu vimeng'aa. Nimefika ofisi ya uhamiaji hapa Voi kabla mlinzi hajafungua geti. Nikamwambia kwamba mtu kama mimi ndiye anayengojwa. Hakucheka. Watu wa huku huchelewa kuelewa.

Mahojiano ya uraia wa Kenya yalianza vizuri. Bi. Wakesho, afisa mwenyewe, Mtaita mwenye sauti ya upole, aliuliza kama najua Kiswahili. Mimi, Elisaria Mbwambo, mzaliwa wa Same, Tanzania! Nikamwambia akitaka kufundishwa, Jumamosi nina nafasi. Akaandika kitu.

Kisha akauliza: mwaka juzi, shamba la mkonge liliposimamisha mafundi wa trekta kama mimi, nilikuwa wapi mpaka waliponirudisha? Karibu mwaka mzima hauna kazi. Mdomo ukajibu kabla yangu. Bandarini Mombasa, dereva wa kreni. Akasema Ijumaa nije na mtu wa kuthibitisha.

Kibali changu kinaisha Desemba. Bila uraia narudi Same peke yangu. Koki mke wangu ana wateja wake wa cherehani, Daisy mwanangu ana shule yake. Nitakuwa baba wa kwenye simu.

Jumanne, 4 Machi

Ukweli, kwa sababu hapa hasomi mtu: kreni sijawahi hata kuigusa. Mwaka ule nilikuwa Maungu kwa mama mkwe. Mbuzi alimwangusha, nyonga ikavunjika. Koki alikuwa amepata kazi ya kushona kiwandani Mombasa, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaila. Shemeji Mutinda yuko na lori, leo Malaba kesho Kampala. Nikabaki mimi.

Na hawa ni Wakamba. Kwao mume wa binti na mama mkwe hawakai hata kivuli kimoja. Nthoni, wanaita. Heshima iliyojaa aibu. Mimi nikawa nambeba mgongoni mpaka chooni, yeye amejifunika leso uso mzima, mimi natazama reli ya mbali. Nilimpikia uji. Nilimwosha miguu. Hatukutazamana hata mara moja. Akiwa na kiu anamwambia kuku kwa sauti: wewe kuku, kwani hapa hakuna mtu wa kuleta maji?

Mwanaume aliyefika Lusaka na Lubumbashi ataanzaje kusema hayo? Sokoni wangenipa jina. Ndiyo maana niliwaambia wote nilikuwa bandarini.

Koki anasema niseme ukweli tu, Baba Daisy, si aibu. Nikamjibu kwamba serikali haitoi uraia kwa yaya.

Jumatano, 5 Machi

Donald, fundi wa simu, amekubali kuwa meneja wangu wa bandari. Bi. Wakesho akipiga, atajibu kwa sauti nzito. Shida ikawa milio ya meli. Nikampa chupa ya soda apulize. Mara ya kwanza ilitoka mbwa. Ya pili ilitoka meli kabisa, mpaka mteja akauliza kama treni imebadilisha honi.

Koki alienda Maungu mchana, akarudi moja kwa moja kwenye cherehani. Nikadhani alifuata mboga tu.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilifungua mlango wa afisa, nikamwona mama mkwe kitini na fimbo yake. Miguu yangu ikarudi nje yenyewe, ndiyo adabu. Bi. Wakesho akaniita ndani. Nikasimama kiubavu. Mama mkwe akageukia ukuta, leso juu. Afisa alitutazama kama watu wazima wanaocheza mchezo wa kujificha.

Akasema mama huyu anadai mwaka juzi nilikuwa kwake, nikimuuguza. Je, namfahamu?

Ningesema ndiyo. Neno dogo. Lakini Donald alikuwa tayari na chupa, na bandari yangu nilishaijenga. Nikasema simfahamu.

Kisha mama mkwe akauambia ukuta kwamba macho ya uzee hayana shukrani, huenda amefananisha. Mtu wake alikuwa mrefu zaidi. Akaomba radhi kwa kuisumbua serikali, akainuka. Nilisikia fimbo ikigonga sakafu ya ukumbi mpaka nje. Sikwenda kumshika mkono. Ukumbi mzima, na sikwenda.

Bi. Wakesho akapiga simu. Donald akapuliza. Banda lake liko ng'ambo ya barabara na dirisha lilikuwa wazi. Meli ikaingia kwa simu na kwa dirisha pamoja.

Afadhali angekasirika. Alisema kukosa kazi kungeelezeka, watu hukosa kazi na kuna maisha. Sasa mbele yake ana mtu ambaye hakuwa bandarini na, kwa mdomo wake mwenyewe, hakuwa Maungu pia. Ombi limekataliwa. Naweza kuomba upya, nikija na ukweli na yule mama, kama atakubali kunijua.

Jumapili, 9 Machi

Koki anaongea nami kupitia Daisy. Mwambie babako kwamba nyanya yako hakuwa amepanda gari tangu aanguke. Mwambie alivaa leso mpya.

Nikaenda Maungu. Nikasimama nje, nikauambia mlango kwamba kuna mjinga hapa, amekuja kuomba msamaha, na hajui aanzie wapi. Kisha ndani sufuria ikaambiwa kwamba uji upo, mjinga akimaliza aoshe kikombe. Na kwamba safari ya Voi haimshindi mtu, ila safari hii mjinga aulizwe swali moja tu: je, anamfahamu mama huyu?

Nilikunywa nikilia. Uji ukawa na chumvi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka mtu mpya. Ukweli mtupu kuanzia leo.

Ila nimeutazama vizuri huu ukweli, nimeona ni mwembamba. Mtu kumbeba mama mkwe, basi? Bi. Wakesho atapiga miayo. Unahitaji mwili kidogo. Nikisema pale Maungu palikuwa na zahanati ndogo, nami ndiye msimamizi wa wodi, nimemuumiza nani? Mgonjwa alikuwepo, na mwenyewe atathibitisha.

Donald ameshatupatia koti jeupe kwa jamaa muuza nyama wa buchari. Nimemkataza kulifua. Daktari asiye na doa la damu, nani atamwamini?