Amina ya Shangazi Kwenye Kitufe Chekundu

Jumatatu, 3 Juni

Mchungaji ametupa Jumapili moja. Moja tu! Bendi yetu, Waya na Ngozi, itapiga kwenye ibada kuu, kisha atawauliza waumini tuendelee au turudi kufanyia mazoezi stoo, kwenye viti vibovu. Nikirudi stoo nitakufa kwa aibu.

Waya ni mimi: kinanda, kompyuta, kila kinachowaka taa. Ngozi ni shemeji, mume wa dada, na ngoma zake mbili. Dada anaimba na gitaa lake. Shemeji anadai mashine yangu haina roho. Nimemjibu kwamba roho yake haina sauti. Dada akatishia kuimba peke yake.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata dawa. Waumini wetu ni wagumu, ila mmoja akisema Amina wote wanafuata. Na anayeanza ni shangazi, ninayeishi kwake. Yuko benchi la pili miaka ishirini, Amina yake inatoka tumboni. Niliwahi kumwomba atupigie Amina kidogo. Alinijibu kwamba Amina haiombwi, huja yenyewe.

Sawa. Nitairekodi.

Nilificha simu chini ya kitambaa cha meza, nikamwomba aombee chakula. Akatoa Amina ndogo ya nyumbani. Haifai. Nikamwomba aombee chai. Akauliza kama naumwa. Nikamwomba aombee kompyuta yangu. Hapo akaitoa yote, hadi glasi zikalia kabatini.

Ijumaa, 7 Juni

Amina iko kwenye kitufe chekundu cha kinanda, na mwangwi kidogo. Sauti ya mtu ndani ya umeme: si ndiyo muziki wetu huo? Nilipoijaribu, shangazi aliitikia Amina kutoka jikoni bila kujua anamwitikia nani. Mtambo unafanya kazi.

Shemeji akauliza kitufe ni cha nini. Nikasema cha dharura. Akataka kiandikwe. Nimeandika USIGUSE.

Kwa kuwa mikono yangu itakuwa na kazi, nimeufundisha mtambo: kipaza sauti kikinyamaza sekunde mbili, uitikie wenyewe. Akili ninazo, tatizo ni watu kutoziona.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Wimbo ulikwenda vizuri mno. Dada akatua baada ya ubeti wa kwanza, Amina ikatoka, kanisa zima likafuata. Hata shemeji alitabasamu. Shangazi tu ndiye aliyegeuka kutazama nyuma.

Kisha Mchungaji akashika kipaza sauti. Nilisahau kuzima mtambo. Na Mchungaji wetu akiongea hupumzika.

Alisema wapo wanaoona vijana hawa wanapiga kelele. Akapumua. Amina! Kanisa likafuata. Akasema wapo wanaotaka warudi stoo. Amina! Kanisa likafuata kwa nguvu zaidi. Nikabonyeza vitufe vyote, nikapata tarumbeta.

Mchungaji akamwomba shangazi asimame aseme lililo moyoni. Shangazi, pipi ya kikohozi mdomoni, akasema hajasema kitu. Kimya. Amina! Mdomo wake umefungwa, kanisa zima linauona. Halafu macho yote yakahamia kwangu.

Uamuzi ukatoka: turudi stoo. Sala ya kufunga ilipoisha, shangazi hakuitikia. Watu wakabaki wameinamisha vichwa, hakuna aliyejua kama imekwisha. Hilo liliniuma kuliko stoo.

Jumatatu, 10 Juni

Dada na shemeji wataruhusiwa kurudi mwezi ujao, na ngoma na gitaa tu. Mimi nitapanga viti. Shemeji alikuja kunipa pole, na pole yake ilikuwa ndefu mno.

Nilimwendea shangazi chumbani, nikapiga magoti. Akasema kwamba jana alikuwa amekwisha kuamua kutuunga mkono. Ngoma alizipenda, na hata nyaya zangu. Alikuwa anamalizia pipi ndipo atoe Amina yake mwenyewe. Nililia, kweli nililia. Akanishika kichwa, akasema, taratibu na kwa moyo wote, kwamba amenisamehe.

Chumba kilikuwa kimya, hakina mwangwi, feni imezimwa. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati.

Sauti yake imetoka safi ajabu. Nimeiweka kwenye kitufe cha kijani, ili siku nyingine nisimsumbue.