Mbiu ya Bi Salhiya

Jumatatu, 1 Septemba
Nshachoka na Ridhwan, mtembezaji mwenzangu! Anatembeza wageni magofuni Mtoni, anawapulizia buruji ya shaba, wanapiga makofi. Mimi ndiye mjuzi! Nnajua kwamba jina la buruji kwa Kiingereza asili yake ni ndama dume, neno la Kilatini, maana mwanzo ilikuwa pembe ya ng'ombe tu. Nani ananisikiliza? Bi Faiza, mwenye kazi, kesema Ijumaa atabakisha mtembezaji mmoja. Kazi hii siiachii! Shangazi yangu Bi Salhiya, wa Jambiani, ana mbiu, pembe ya nyati iliyokuwa ikiitia watu msibani. Ridhwan atakoma.

Jumanne, 2 Septemba
Jambiani. Shikamoo, marahaba, kisha Bi Salhiya akakataa katakata. Eti anayeipuliza sharti ataje habari papo hapo, kwa sababu watu washaitwa. Ukinyamaza, itajitafutia habari yenyewe. Nkacheka. Alipokwenda kwenye mwani wake, nkaitia mkobani.

Jumatano, 3 Septemba
Ushindi! Nimeipuliza Mtoni mbele ya wageni. Sauti nzito, hata kunguru walinyamaza. Mgeni mmoja akauliza ni tangazo gani. Nkasema hakuna, mchezo tu. Ridhwan kanuna!
Njiani kurudi mkoba ulikuwa unapumua. Upepo, bila shaka. Nimeifunga kwa blanketi.

Alhamisi, 4 Septemba
Saa nne asubuhi mbiu imelia. Iko ndani ya blanketi, mimi niko mezani na chai! Jirani yangu Hamid kaja mbio na majamvi, akauliza kafa nani. Nkamwambia hakuna. Kaniangalia kwa huruma, akatandika.
Bi Salhiya akapiga simu. Kaisikia huko huko Jambiani! Alikuwa analia. Akanambia bado naweza kuipa habari ya kweli: niipulize mbele za watu, nitangaze kuwa nimeiba. Basi, itanyamaza.
Mbele ya Ridhwan? Ng'o! Nimeogopa, sikatai. Lakini aibu hiyo siitaki.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimeamka mwepesi ajabu. Nimekwenda Mtoni na mbiu yangu. Nimetoa salamu, Ridhwan hakuitika. Bi Faiza kapita mbele yangu kama hanioni. Wivu na kiburi!
Mbiu ikalia mkononi mwangu, sikuipuliza. Ridhwan akawageukia wageni, akataja jina langu, Muhiddin Sheha, na kwamba nimefariki alfajiri, nazikwa baada ya sala. Akalia machozi, mnafiki yule! Bi Faiza akafunga kazi, wote wakenda mazikoni. Nami nkafuata. Nkampigia kelele Hamid sikioni, akajifuta uso tu. Jeneza lilipotolewa nyumbani, Bi Salhiya pekee, kati ya wanawake, aligeuka kuniangalia. Akatikisa kichwa.
Haya. Lakini mtembezaji wa kubaki hajatajwa, na kesho Ridhwan atakuwa matangani kwangu. Uwanja mtupu! Nafika Mtoni mapema, naipuliza mara tatu. Habari ya kutaja nitaiona huko huko.